Kadi ya Buluu, Diski Nyeusi

Mpendwa shemeji Kambale,

Diski inagonga. Tik, halafu kimya, halafu tik, tik, kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha akijua kwamba ndani kuna watu. Umeme sijaitia tangu mwaka jana. Iko mezani mbele yangu, nimeifunga ndani ya kitenge cha dada yako, na kesho asubuhi mtoto wako Masika atakuja na mama yake kuitazama. Usiniulize kwanza kwa nini kesho. Nitafika. Unanijua, sijawahi kumaliza habari bila kupita kwanza sokoni.

Miaka kumi na miwili ni mingi, na huko uliko labda wamekwambia mambo mengine juu yangu, donc, basi, acha nijitaje. Ni mimi, mume wa dada yako Kavira, mpiga video wa kwanza wa Kisangani. Sawa, wa tatu, lakini wale wawili walikuwa wanawakata wageni vichwa, harusi nzima unaona vifua tu. Mimi niliyefika Kinshasa, nikafika Kampala, nikafika Dubai. Dubai nilikaa siku tatu, mbili kati ya hizo uwanja wa ndege kwa sababu ya karatasi, lakini Dubai ni Dubai. Shule iliniacha mwaka wa pili wa sekondari, wakati mimi bado naipenda. Hayo yote unayajua. Ulikuwa unayasikia kila siku pale studio, mbele ya wateja, na hata siku moja hukunisahihisha.

Ni Dubai nilikonunua ile kamera ya diski. Giga thelathini tumboni! Niliiingiza mtaani kwetu Makiso kama mtu anayemleta bibi arusi. Harusi, ubatizo, matanga, vyote vinaingia bila kubadilisha kitu, na diski nyingine kubwa, nyeusi, nene kama kitabu cha misa, inabaki mezani kuhifadhi. Wewe ukatoka Butembo na kamera ndogo ya kadi. Nakumbuka ulivyofungua kiganja.

“Hii njo nini, shemeji? Ukucha ya kuku?”

“Njo kadi.”

“Na bibi arusi ataingia humu? Na robe yake yote, lile gauni refu?”

Ulicheka kwa mabega tu, bila sauti, vile ulivyokuwa ukicheka. “Yako iko inazunguka, shemeji. Mule ndani kuko sahani na kuko sindano. Siku itaanguka, utalia.”

“Yangu iko na akili! Ikianguka, inajikunja yenyewe mbele ifike chini. Wewe ukianguka unajikunjaka?”

Wateja waliangua kicheko, nami nikahesabu nimeshinda.

Halafu ikaja harusi ya kule mtaa wa Mangobo. Nilitaka picha ya juu, ya kimataifa, nikaipandisha kamera yangu juu ya bafle, spika kubwa kuliko friji. Fundi wa muziki akafungua besi. Ile kamera yenye akili ikatetemeka, ikadhani inaanguka, ikajikunja, ikaacha kurekodi. Bibi arusi aliingia, alizunguka ukumbi mzima na shangazi zake wakicheza mbele yake, akakaa, na kamera yangu ilikuwa imejikunja kama kakakuona, ikijiokoa maisha. Nilipoishusha niliona neno moja jekundu kwenye kioo. Wewe ulikuwa chini kati ya watoto, na kadi yako. Kadi haikujua hata kama kuna muziki. Uliipokea harusi yote, kisha ukaja ukaniwekea kadi mfukoni kabla mtu yeyote hajaona. Baba wa bibi arusi alinisifu miezi mitatu. Sifa nilizila zote peke yangu, shemeji. Leo nakurudishia.

Na ile siku Kavira alifua shati lako, na kadi ndani! Sabuni, maji ya moto, kupigwa juu ya jiwe, kisha jua juu ya mabati. Uliikausha kwa pumzi, ukaichomeka, na padri akatokea akimwaga maji juu ya mtoto. Dada yako akasema, “Bon, huyo mutoto amebatizwa mara mbili.” Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini sikubadilisha dini. Nilibaki mtu wa diski.

Sasa nakuja kwenye ubaya wangu.

Kadi zetu zilikuwa tatu tu, unakumbuka: nyeusi mbili na ya buluu. Tukitoka kazini, mimi ndiye niliyezimwaga ndani ya ile diski nyeusi ya mezani, kisha nazifuta safi kama sahani ya mtu mwenye njaa, ili kesho zifanye kazi. Ndivyo tulivyofanya kazi, na ufunguo wa kazi hiyo ulikuwa mkononi mwangu, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na kompyuta nilisema ni yangu. Kila mara ulikuwa unauliza kitu kimoja, ukiwa umesimama mlangoni na begi begani.

“Umeweka mahali pawili?”

Na mimi: “Mahali pawili ni ya mutu mwenye kuogopa bibi yake.”

Ukawa unacheka. Lakini ulikuwa unauliza tena kesho.

Kisha vita vya huko mashariki vikaanza kutufikia, si kwa bunduki, kwa kimya. Unakumbuka malori kutoka kwenu, yalivyokuwa yakipiga honi toka mbali, mpaka wauza ndizi wanasimama? Wiki moja yakaanza kuingia bila honi. Dereva anashuka, anafunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Abiria juu ya magunia hawasemi. Tuliuliza habari za njia, wakasema, “Njia iko.” Basi. Njia iko.

Simu za kule zikakatika. Wafanyabiashara wenzako wa Butembo, wenye maduka ya jumla na ya rejareja hapa Kisangani, wakaja studio mmoja mmoja na familia zao. Hawakutaka tena harusi. Walitaka salamu. Wasimame mbele ya pazia letu la maua, waseme na mama zao walioko kule, na mtu abebe. Nilidhani itakuwa kazi ya kuchekesha. Nilikuwa nawaambia, “Cheka kidogo, mama yako ataona meno!” Hawakucheka. Walikuwa wanavaa nguo za misa. Walisema majina yao yote, na la baba, kama watu wanaoandikisha. Kuna bibi mmoja mzee alikaa dakika tatu nzima mbele ya kamera bila kusema neno, akaangalia tu, akainuka akasema, “Imetosha.” Ulipomtoa mpaka barabarani ulirudi ukaniambia, polepole, “Shemeji, hivi njo watu wanakaaka kwa picha ya matanga.” Nikakuambia nyamaza. Nilikuambia nyamaza kwa sababu nami nilikuwa nimeliona.

Na ni wewe uliyesema utazibeba hizo salamu. Nani mwingine? Kamera yangu isingeweza. Ile barabara ya Bafwasende na msitu wake, kila shimo ingejikunja, na kurudi tungerudi na giga thelathini za hewa. Kwa kadi tu, na kadi zote tatu: mbili zimejaa salamu za kwenda, moja tupu ya kuleta majibu.

Asubuhi ya siku moja kabla ya safari ulimfanyia Masika salamu yake. Alikuwa na miezi miwili, amelala kwa mke wako Neema nyuma ya pazia. Uliweka kamera juu ya magunia, na kadi ya buluu ndani, ukaketi. Mimi nilikuwa dirishani nashikilia shuka ili jua lisikuchome uso. Ulisema maneno. Halafu simu yangu ikalia, mteja, nikatoka nje.

Kesho yake, lori limewashwa, ulikuja mbio mpaka dirishani pa studio.

“Shemeji, ile ya mutoto, kwa kadi ya buluu. Umeitosha, umeitia kwa diski?”

“Nimeitosha. Kadi hii hapa, iko mutupu.”

“Umeweka mahali pawili?”

“Mahali pawili, shemeji. Parole, naapa.”

Ulinishika bega, ukaichukua kadi ya buluu, ukaondoka. Hukuwa mtu wa kunidhania uongo, wewe uliyenijua kwa uongo. Ilikuwa mahali pamoja tu, Kambale. Diski nyeusi peke yake. Mahali pa pili nilikuwa nimepafuta jana yake, kwa kidole hiki ninachoandikia, kwa sababu nilikuwa na haraka na kwa sababu diski yangu ilikuwa kubwa.

Malori yalikuwa matatu. La mbele lilipita. La nyuma liligeuka. Lako lilikuwa la katikati. Hiyo ndiyo habari yote tuliyoipata, na tuliipata kutoka kwa dereva wa nyuma, ambaye alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuna mwili, hakuna barua, hakuna mtu aliyekuja kuomba pesa ya kukukomboa.

Watu wenu wa Butembo walifanya matanga mwaka uliofuata. Sisi hapa tulikataa. Na unajua desturi yetu ya hapa siku hizi: matangani, chini ya bâche, turubai la wageni, wanatundika televisheni na kumwonyesha marehemu akisema na kucheka, na watu wanamlilia. Donc Neema akaniambia, “Papa Eli, ile video ya Masika hatutaifungua. Siku tutaifungua njo siku tumemuzika.” Nikasema sawa. Nilisema sawa haraka sana, shemeji. Ningeweza kuinakili bila kuitazama, hata mlevi angeweza. Lakini kununua kadi ya pili kulikuwa kukiri kwamba ya pili haikuwepo. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Diski nikaiweka ndani ya sufuria ya mchele isipate unyevu, nikawa naitaja mbele ya watu: “Sauti ya Kambale iko kwangu, haiozi.” Masika akakua akisikia hivyo. Akipita anaigusa sufuria, kama watu wanavyogusa sanamu kanisani.

Mwaka jana niliichomeka kimyakimya. Ndipo iliponigongea mara ya kwanza.

Niliipeleka kwa fundi mmoja, mtu mzima, mpole. Aliiweka sikioni kama saa. Akaniuliza, “Papa, kuko mahali pengine?” Swali lako, shemeji, kwenye kinywa cha mtu asiyekujua! Nikasema hapana. Akasema, “Sindano yake imechoka. Inaweza kuamuka mara moja. Ao hata mara hiyo hapana. Usiiwashe mpaka siku utaihitaji kweli.” Nikauliza wapi wanatengeneza. Akasema Kampala labda. Na njia ya Kampala ni ileile.

Sasa kwa nini kesho. Kwa sababu vita vimerudi, na jina jingine, na safari hii havikai mashariki. Wavuvi wetu wa Yanonge wanasema mto umejaa watu wanaoshuka na magodoro. Maduka ya wenzako yamefungwa nusu, mlango mmoja wazi, mwingine na kufuli. Wenye toleka wanaendesha baiskeli zao bila kubeba mtu, wanahamisha vyungu vyao wenyewe. Neema anamshusha Masika kwao Isangi, kwa baleinière ya keshokutwa. Mota ya ile boti unaijua, mbao zote zinatetemeka mpaka meno. Diski haiwezi kupanda mle. Na mtoto amesema hashuki mto kabla hajamwona baba yake. Ana kichwa chako. Amesema akiwa ameketi, bila kulia.

Donc kesho. Nami lazima niwaambie kabla sijachomeka, kwamba ni mahali pamoja. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Kila mara maneno yanatoka na utani ndani yake.

*

Ni kesho, saa tisa mchana. Wameondoka sasa hivi kwenda kufunga mizigo. Nakuandikia mbio, usome polepole.

Niliwaambia. Sikutia utani. Nilisema, “Neema, nilimudanganya bwana yako siku ya kuondoka kwake. Kadi niliifuta.” Dada yako alisimama akaenda uani. Neema akasema, “Miaka yote hii ulikuwa unatuchekesha na hii ndani ya tumbo?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Haya. Washa.” Hakusema amenisamehe. Nisikuongezee.

Masika alishika simu kupiga video kioo cha kompyuta, ili kitakachotoka kisipotee. Mimi niliwekelea diski juu ya mto wa kulalia, kama mgonjwa. Nikachomeka.

Tik. Kimya. Tik, tik. Hapo mimi, mtu wa Dubai, nilimwomba Mungu kwa Kilokele cha mama yangu. Kisha sahani ikaanza kuzunguka, sauti ile nyembamba ya zamani. Majina ya watu wa kale yakashuka kwenye kioo: harusi ya nani, ubatizo wa nani, na wewe chini kabisa. Nikabonyeza.

Ulitokea, Kambale. Na lile shati. Kijana sana! Sikukumbuka kwamba ulikuwa kijana vile. Uliangalia pembeni, kule nilikokuwa mimi, ukasema:

“Shemeji, toka kwa mwangaza! Unaziba mutoto wangu!”

Na kivuli changu kikapita juu ya uso wako, kirefu, chenye tumbo. Ukacheka kwa mabega. Ukageuka. Ukaangalia moja kwa moja ndani ya kamera, ukavuta pumzi, ukasema, “Masika.”

Tik.

Ukabaki hapo na mdomo wazi kidogo. Kisha kioo kikawa cheusi. Niliichomoa, nikaichomeka, nikaipuliza, nikaiomba msamaha. Haigongi tena sasa. Kule kugonga kulikonitisha mwaka mzima, leo ningetoa jino nikusikie tena.

Sekunde kumi na tisa. Na zaidi ya nusu yake ulikuwa unanifukuza mimi.

Mtoto alitazama kwenye simu kama zimeingia. Zimeingia. Kisha akaniinulia macho.

“Tonton, ulikuwa mule ndani. Njo kivuli yako ile. Ulisikia alisema nini.”

Shemeji, maisha yangu yote nilingoja mtu aniulize swali kama hilo. Mimi ninayeweza kusimulia harusi ambayo sikualikwa! Ningempa hotuba ya saa nzima, angeibeba mpaka Isangi na ingempa joto. Nilifungua mdomo, na nikaona kwamba sasa mahali pekee panapobaki ni mimi, na mimi ninajulikana mji mzima kwa kutia chumvi.

Nikamwambia nilichosikia tu. Kwamba ulisema jina lake ni la nyanya yako, mama mkubwa wa Butembo, aliyekuwa hanyamazishwi na mtu. Kwamba akiota meno asimng'ate mama yake. Kwamba unaenda kuleta majibu ya watu, na utamletea viazi vya kwenu, vile vinavyonuka udongo mweusi. Kisha ulisema, “Na kama ninachelewa...”

“Na kama anachelewa?” akauliza.

“Hapo simu yangu ililia, mama. Nilitoka inje. Nilikuwa najisifu kwa mteja. Yenye ilibakia sikuisikia.”

Alingoja. Nadhani alijua kwamba kama kuna uongo, utakuja hapo. Sikuleta. Pakabaki shimo, yeye akaliangalia, mimi nikaliangalia. Akasema, “Sawa, tonton.” Akaketi karibu nami, bega kwa bega, akaomba nirudie tena toka mwanzo, bila kubadilisha. Nimerudia mara nne. Sijabadilisha hata viazi.

Halafu yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza, akiwa na zile sekunde mkononi, “Tunaweka wapi pengine?”

Tumeweka mahali pawili, shemeji. Kadi moja Neema ameishona ndani ya pindo la kitenge chake, itashuka mto. Ya pili iko kwenye mfuko wa shati langu, na Kavira amekatazwa kufua shati hilo, hata kama sisi sote tunajua kadi ingepona. Parole niliyokupa dirishani nimeitimiza leo, kwa sekunde kumi na tisa tu, nikichelewa miaka kumi na miwili.

Mimi sishuki. Wananiambia wewe mzee mjinga, nao wana haki. Lakini wewe anwani unayoijua ni hii moja, mlango wa buluu wenye picha ya kamera niliyoichora mwenyewe na inayofanana na redio. Sasa hivi, nikiandika, lori limepita kutoka upande wa Bafwasende. Halikupiga honi. Nilitoka mpaka barabarani kuangalia nyuso juu ya magunia, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Hukuwemo. Nyuma yake limekuja jingine, nalo halipigi, na nyuma kuna vumbi la mengine.

Kama uko kwenye mojawapo, gonga tu. Kwa ukucha, inatosha. Nimejizoeza kusikia. Na ukiingia, kabla ya maji, kabla ya chakula, utaniambia sentensi ile iliishaje. Nitaketi. Simu nitakuwa nimeizima.

Ni mimi shemeji yako, mume wa dada yako, yule aliyekuzibia mwangaza.